Flash ya nyimbo ya elfu kumi na nane: Mbezi mpaka Tukuyu, peke yangu

Usiku wa kuamkia safari niliichomeka ile flash kwenye kompyuta ya mwanangu nihakiki kama nimepewa nilicholipia. Nikakuta folda nane. Saba zina nyimbo. Ya tano imeandikwa KITONGA, kama ule mlima wa kona kabla ya Iringa, na ndani hamna kitu. Mimi ni mhasibu, miaka ishirini na sita nakagua vitabu vya watu, na nikiona sifuri mahali pasipostahili sifuri silali. Nikampigia kijana wa kibanda aliyeijaza, saa nne usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Folda ya Kitonga haina wimbo hata mmoja."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Mama, Kitonga unazima redio. Pale unasikiliza gari."

Basi nikalala. Na sasa nimerudi salama, nimeona niandike, kwa sababu kuna watu wengi wanaosafiri na gari dogo peke yao na hakuna anayewaambia jambo la maana kuhusu nyimbo. Wataambiwa kuhusu matairi, maji ya rejeta, tochi za trafiki. Nyimbo wanaachiwa bahati.

Nianze na gari, maana ndilo lililonipeleka kibandani. Ni Toyota Raum, imetoka Japani, na redio yake bado ina moyo wa Kijapani. Mnaoendesha magari haya mnajua: FM ya Japani inaanzia 76 na redio yangu inaishia 90. Stesheni nyingi za kwetu zinakaa juu ya hapo, kwa hiyo kwangu ni kama hazipo. Tena siku fundi alipobadilisha betri, kioo cha redio kikaanza kudai kadi ya ramani kwa maandishi yasiyosomeka, na tangu siku hiyo CD haiingii wala haitoki. Kilichobaki ni transmita, kile kidude unachochomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ukakiwekea flash, kikarusha nyimbo kwenye redio ya gari. Nilikinunua Kariakoo kwa elfu kumi na tano. Transmita inarusha kuanzia 87.5 mpaka 108, redio yangu inapokea mpaka 90. Fanyeni hesabu wenyewe nafasi niliyobakiwa nayo.

Kwa nini sikutumia simu? Mpwa wangu aliniambia hivyohivyo, kwamba siku hizi Spotify ipo Tanzania tangu 2021, Boomplay ipo, unalipia, unapakua nyumbani, unasikiliza hata pasipo na mtandao. Ni kweli, na mwanamuziki anapata chake, jambo ambalo kwenye flash ya kibandani hapati, na hilo nitalirudia. Lakini simu yangu ndiyo ramani, ndiyo benki, na ndiyo njia ya mume wangu kuniuliza nimefika wapi kila baada ya nusu saa. Kila simu inapoita wimbo unakatika. Na mtu wa umri wangu kutafuta wimbo kwenye kioo huku lori la kontena liko nyuma yake, hapana.

Kibanda chenyewe kiko Mbezi, hatua chache kutoka barabara kubwa, upande ule wa stendi ya mabasi ya mikoani. Jina silitaji kwa kuwa nina la kulalamika pia. Ni laibrari ya kawaida: filamu zilizotafsiriwa, kuprinti, kupiga picha za pasipoti, chaja, kava za simu. Kompyuta moja imefunguliwa ubavu na feni ya mezani inaipulizia. Nilikuwa nimezoea laibrari za mtaani kwangu ambako unatoa flash, kijana anakopi folda lake lote la "MIX KALI" bila kukuangalia usoni, unaondoka na nyimbo elfu tatu ambazo hutazijua maishani. Nimewahi kununua ya namna hiyo. Wimbo mmoja nilioutaka niliutafuta kutoka Kimara mpaka Chalinze, sikuupata.

Huyu alianza kwa maswali. Unatoka saa ngapi? Unalala wapi? Gari lina joto au AC inafanya kazi? Nani anakaa pembeni? Nilipomwambia hakuna anayekaa pembeni isipokuwa mfuko wa mchele na blanketi za mama yangu, akaacha kugonga kibodi akaniangalia. "Basi tunakuwekea vitu vya kuongea na wewe," akasema. Wateja wake wengi ni madereva wa malori ya Tunduma, na nadhani ndio waliomfundisha. Anaijua ile barabara kuliko mimi niliyezaliwa mwisho wake, na aliniambia hajawahi kuvuka Morogoro.

Nikataka ajaze flash yote, GB 16, nimelipia elfu kumi. Akakataa. Nyimbo za kawaida, anasema, dakika moja inakula kama MB moja; ukijaza flash hii unapata zaidi ya saa mia mbili na hamsini, na wewe unakaa njiani saa kumi na saba. Akaniwekea nyimbo 268. Kazi hiyo ilikuwa elfu nane. Nilizihesabu baadaye: kwa wastani wa dakika tano ni saa ishirini na mbili na kidogo. Hesabu yake ilikaa sawa, na mimi sisemi hivyo ovyo.

Na kuna jambo la ufundi ambalo peke yake lingetosha kunifanya nirudi kwake. Vitransmita vingi vya bei hii havipangi nyimbo kwa herufi. Vinapiga kwa mfuatano ule ule nyimbo zilivyoingia kwenye flash. Ndiyo maana ukikopi kila kitu kwa mkupuo unapata fujo, singeli ikifuatwa na tenzi. Yeye alifomati flash kwanza, kwa mfumo wa FAT32, akasema flash kubwa za GB 64 redio nyingi zinazikataa kwa sababu zimefomatiwa namna nyingine, kisha akaingiza folda moja moja kwa zamu: GIZA, MORO, HIFADHI, USINGIZI, KITONGA, BARIDI, MAKAMBAKO, NYUMBANI. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki dakika arobaini. Nilikunywa soda mbili.

Nimetoka saa kumi alfajiri. GIZA ni kwaya. Hakuniuliza dini yangu. Aliona msalaba kwenye funguo. Kwaya za taratibu, kinanda na sauti nne, za kumtoa mtu usingizini bila kumshtua, na kwa giza lile la kutoka Kibamba kwenda Kibaha, taa za malori zikikujia usoni, nilishukuru. Tatizo likawa transmita. Kwenye ile nafasi yangu ya 87.5 mpaka 90, Dar es Salaam imejaa. Mpaka Mlandizi kwaya yangu ilikuwa inaingiliwa na mhubiri wa redio, anaingia, anatoka, anaingia. Kwa bahati walikuwa wanaelekea kuelewana. Mlandizi alipotoweka nikamkumbuka kidogo.

Chalinze palipambazuka. Nikanunua maji na kuku sikumnunua, saa kumi na mbili na robo hata mimi nina mipaka. Nikawasha gari, na hapa ndipo nilipokutana na ubaya wa kwanza: transmita haikumbuki ilipoishia. Ukizima gari, inarudi wimbo wa kwanza kabisa. Ile kwaya ya kwanza nimeisikiliza mara saba katika siku mbili, najua hata anayeingia nusu sekunde mapema kwenye sauti ya pili. Kuna kitufe cha kuruka folda, lakini cha kwangu unakishikilia ukisali. Kijana alipaswa kunionya. Angalau anipe flash mbili, moja ya kila siku.

MORO ilianza nikiwa Mikese, milima ya Uluguru imejitokeza kushoto na ukungu umeifunika kichwa. Dansi la zamani. Ameanza na Morogoro Jazz, na ni wazi alifanya makusudi. Baba yangu alikuwa na gramafoni na santuri zake alizifuta kwa kitambaa cha nepi, akituambia watoto tusizipumulie. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wao, nilimjua kabla sijajua kusoma. Sikuwa nimefikiria, mpaka nilipokuwa nimeshika usukani naipita Msamvu, kwamba yule bwana alifariki kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979. Nikapunguza mwendo. Gitaa liliendelea, halina habari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe ambalo nimelibeba tangu Morogoro.

Watu wanadhani ukisafiri peke yako unahitaji nyimbo za kuchangamsha. Mimi nasema unahitaji nyimbo zenye kesi. Dansi letu la miaka ile ya sabini na themanini karibu kila wimbo una kesi ndani yake. Mume amepata barua kutoka kijijini, mke hataki mawifi, rafiki amekopa na anapita njia nyingine, binti amekataa posa, mlevi anaombwa arudi nyumbani. Mwimbaji analeta shauri lake, kiitikio kinajibu kama baraza la wazee, halafu ubeti wa pili unakuja na ushahidi mpya. Mimi nikiwa peke yangu garini nilijikuta nahukumu. "Mwongo huyo!" nilisema kwa sauti, karibu na Doma, nikimwambia mtu ambaye pengine amekufa zamani. Nilimtetea mke wa wimbo mmoja kwa kilomita kumi nzima. Halafu linakuja chemko, wale wanamuziki wanaacha maneno na magitaa yanaanza kukimbizana, na hapo ndipo unapata nafasi ya kutafakari hukumu yako kabla ya kesi nyingine kutajwa. Yaani ule muundo, pole pole yenye hadithi kisha chemko, umetengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa dansi lakini unafaa barabara ndefu kwa namna ambayo nadhani wenyewe hawakuikusudia.

Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa wa bendi mbili, Msondo na Sikinde. Baba alikuwa Msondo, tangu inaitwa NUTA Jazz, ikaitwa JUWATA, ikaitwa OTTU, yeye hajali jina. Baba mdogo alikuwa Sikinde, Mlimani Park. Kijana wa kibanda, ambaye hata miaka thelathini hajafika, amewaweka wote wawili kwa zamu, mmoja wa huku, mmoja wa kule, na mimi nikawa naendesha katikati ya baba na baba mdogo. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, akasema madereva wa malori wakipewa wa upande mmoja wanagoma kulipa.

Ila hapa hapa ndipo alipoharibu. Kati ya nyimbo hizi za dhahabu, kama kumi na mbili hivi zina sauti ya DJ iliyopachikwa juu yake. Unasikiliza mtu anaomba msamaha kwa mkewe, mara kwa sauti ya pangoni: jina la DJ, mwangwi, king'ora, namba ya simu. Mara mbili katika wimbo mmoja! Wimbo mwingine umekatwa pale pale chemko linapoanza, inaonekana aliyeurekodi kutoka redioni alifuatwa na tangazo. Na mmoja upo mara nne kwa majina manne tofauti. Nilikagua baadaye, nikiwa Tukuyu, kwa kalamu. Kati ya 268, halali na nzima ni 239.

HIFADHI aliiweka sauti ya chini, na ni sawa. Barabara inapasua hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama hamsini, kuna ubao unaokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga, na swala hawajui alama za barabarani. Ni malimba na zeze za Kigogo, bila makelele, zinakwenda mviringo. Nilifungua kioo. Niliona twiga watatu na basi moja lililokuwa linaovateki penye mstari mzima. Twiga walikuwa na adabu zaidi.

Baada ya Mikumi mjini nilikula wali maharage, kosa langu mwenyewe, na joto la kuteremkia bonde la Ruaha likanikuta limeshajipanga. Saa saba mchana. AC ya Raum ni hadithi. Hapo folda USINGIZI ikaanza na kijana aliweka singeli.

Sijui kama niseme ni kosa au ni sifa. Singeli imetoka huko kwetu uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, na inakwenda kasi ambayo moyo wa mtu wa miaka hamsini na mbili hauifikii hata kwenye ngazi. Usingizi uliondoka, ni kweli. Lakini mguu nao uliondoka. Mguu wangu wa kulia una masikio yake. Wimbo ukienda mbio nao unakwenda mbio, na nilipoingia kwenye kijiji fulani chenye alama ya 50 mimi nilikuwa 71. Tochi. Askari kijana, mstaarabu, akanionyesha picha ya gari langu kwenye kioo. Nyuma yake singeli inaendelea kuchanja mbuga garini kwangu. Akauliza, "Mama, na hizo nyimbo ni za kwako?" Nikasema za mwanangu. Faini elfu thelathini, karibu mara mbili ya bei ya flash.

Nilizima. Dakika kumi baadaye kope zikawa nzito tena. Na hapa niwaambie bila mzaha: hakuna wimbo unaotibu usingizi. Unaahirisha. Nilipofika Ruaha Mbuyuni niliingia sheli, nikaegesha kivulini, nikamwomba mama mmoja wa vitunguu aniangalizie gari, nikalala dakika ishirini na tano. Nilipoamka nikanunua vitunguu vyake kilo nyingi kuliko nilizohitaji, kwa haya.

Baada ya kulala nilishikilia kile kitufe huku nikisali, nikarudi nyuma mpaka kwenye dansi. Lakini katika kurudi nilipita mwisho wa folda ya USINGIZI, nikagundua kwamba baada ya singeli ameweka taarabu za mipasho kama kumi na tano. Laiti angezitanguliza! Mipasho ndiyo dawa niliyokuwa naihitaji saa saba mchana. Mtu anasemwa, hatajwi, na wewe unajua kabisa anasemwa nani, yule yule wa ofisini kwako. Unajibu. Unapiga usukani kofi. Nilipita mibuyu yote ile ya bondeni, maelfu yake imesimama kama watu waliovua mashati, nikiwa nagombana na mwanamke wa idara ya manunuzi ambaye yuko Dar es Salaam na hana habari. Kasi yangu ilikuwa 70 muda wote, maana mipasho haina haraka. Inataka kila neno lisikike.

Kitonga nilizima. Transmita haioni folda tupu, inaliruka, kwa hiyo isingekuwa ile simu ya usiku nisingejua. Mlima ule una kona zimelaliana, ukuta wa mwamba upande mmoja na upande mwingine miti ambayo unaiona vilele vyake tu. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza yakitoa moshi mzito. Nilisikia vitu ambavyo nisingevisikia: feni ya rejeta ikiwaka na kuzima, honi fupi ya lori linalonipa ruhusa nipite, nyingine ndefu ya linalonikataza, na breki za upepo za anayeteremka zikipumua kabla sijamwona. Nilipofika juu kwenye hewa ya Ilula, kwa wauza nyanya, mgongo wote umelowa, niliegesha nikamtumia kijana ujumbe: "Kitonga nimekuelewa." Akajibu dole gumba.

Iringa nililala. Ipogolo, pale chini, sikupanda mjini.

Siku ya pili naipitisha haraka kwa sababu ilikuwa nzuri na mambo mazuri hayana mengi ya kusimulia. BARIDI ni rumba ya Kongo, ile mirefu ya TPOK Jazz na wenzao, wimbo mmoja dakika kumi, kumi na mbili. Kati ya misonobari ya Sao Hill, ukungu na harufu ya mbao mbichi za Mafinga, hakuna kinachokaa vizuri zaidi. Kilingala sijui. Nilidhani kwa nadharia yangu ya kesi nitaboreka, kumbe unaitunga kesi mwenyewe, na hakuna wa kukukosoa. Niligundua pia kipimo: kwa mwendo wa 80, wimbo wa dakika kumi na mbili ni kilomita kumi na sita. Nikaacha kuangalia vibao vya barabarani, nikawa nahesabu nyimbo. Mume wangu alipopiga kuuliza nimefika wapi nikamwambia, "Bado nyimbo tatu nifike Makambako." Akauliza kama nimekula.

MAKAMBAKO ni bongo fleva ya mwanzo wa miaka ya 2000. Inapita. Sauti ndogo, imebanwa mno, besi haipo kabisa, nadhani ilitoka kwenye simu ya mtu ikaenda kwenye simu ya mtu ikaenda kwenye kompyuta. Upepo wa Makambako nje ya kioo ulikuwa na besi zaidi. Chimala na Igurusi sikumbuki kilichokuwa kinaimba.

NYUMBANI ndiyo folda niliyoilipia moyoni zaidi ya zote na ndiyo iliyoniangusha. Nilimwambia kijana: kuanzia Uyole, ninapokunja kushoto kupanda kuelekea Tukuyu, nataka tenzi za Kinyakyusa, zile alizoimba bibi yangu. Akasema zipo. Nimekunja, mvua imeanza, maana kule mvua haina msimu ina zamu, migomba imejipanga, nimeandaa na machozi kabisa. Wimbo wa kwanza: kwaya nzuri, sauti nzito, maneno siyaelewi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nikatambua neno moja. Kichewa! Kwaya za Malawi. Ni majirani, ng'ambo ya Kasumulu tu, na Wanyakyusa wako pande zote mbili za ule mpaka, lakini Kichewa si Kinyakyusa, na mtu aliyejiandaa kulia hawezi kubadilishiwa lugha ghafla. Za Kinyakyusa zilikuwa mbili, mwisho kabisa, na moja ina DJ.

Nimpe alama? Kwa maswali aliyouliza, mpangilio, FAT32 yake na Kitonga: tisa kati ya kumi. Kwa ubora wa nyimbo zenyewe: tano. Kwa bei, ni halali, ila hapa kuna deni ambalo risiti haionyeshi. Nchi ina sheria ya hakimiliki tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya kuisimamia, ipo, na mimi mkaguzi wa hesabu nimenunua kazi za watu 268 bila mtu hata mmoja kati yao kupata senti. Wengi wa wale wa dansi hawapo tena, wana watoto. Sina maelezo. Tangu nirudi nimelipia ile programu ya mpwa wangu, naisikiliza nyumbani nikipika, na kumi na mbili za DJ nimezitafuta humo zikiwa safi. Nimepata saba.

Ukienda kwa kijana kama huyu, mwambie mambo haya mapema. Sikiliza mwanzo, katikati na mwisho wa kila wimbo wa zamani kabla hujalipa, atanuna, mwache anune. Singeli aiweke folda yake peke yake ili uiruke. Mipasho ije baada ya chakula cha mchana. Sauti azilinganishe, maana kwaya yangu ilikuwa inanong'ona na bongo fleva inafoka. Na kama lugha ya kwenu si Kiswahili, mpelekee nyimbo mwenyewe.

Mama nilimkuta barazani, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Hakuingia ndani. Aliuliza ni nani anaimba garini, akaja akakaa kiti cha pembeni juu ya vitunguu, mvua inapiga bati la Raum, akasikiliza wale Wamalawi mpaka mwisho. Anazijua zile tenzi kwa Kinyakyusa, zina sauti ile ile, akawa anaimba maneno yake juu ya maneno yao. Nilipomwambia mama kwamba kijana kakosea, akanishangaa.

Ana redio ndogo ya Kichina yenye tundu la flash. Siku ya kuondoka niliitafuta flash yangu nisiione. Nimerudi Dar es Salaam kwa kimya, kilomita mia nane na zaidi, na mhubiri nikamkuta Mlandizi. Juzi nimepita Mbezi. Kijana anataka elfu kumi na nane tena. Nimempa elfu kumi na tano, na nikamwachia nyimbo mbili za Kinyakyusa alizozirekodi mpwa wangu wa Tukuyu kwa simu, mama akiimba, mvua inasikika.